Mali Bila Daftari: Somo kwa Vyama Vidogo vya Utalii

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Methali hii hufundishwa katika shule zetu tangu madarasa ya chini, na sidhani yuko mwanafunzi wa shule ya upili asiyeweza kuikamilisha akitajiwa nusu yake. Hata hivyo, ukitoka darasani ukaenda katika vijiji vya Pwani, ambako wananchi wameunda vyama vidogo visivyo vya kutafuta faida ili kuwatangazia wageni uzuri wa mahali pao, utagundua kwamba methali hiyo inajulikana na wengi na kufuatwa na wachache.

Leo nakusudia kuzungumzia fedha za vyama hivyo. Natambua kwamba mazungumzo ya hesabu si matamu. Magazeti yetu hujaa habari za mabilioni yaliyopotea katika wizara na mashirika makubwa, na hakuna anayejishughulisha kuandika juu ya Sh80,000 za chama cha kijiji. Lakini kwa mtoto ambaye karo yake hutoka katika hizo Sh80,000, fedha hizo ndizo bajeti ya taifa. Zikipotea, hakuna tume itakayoundwa kuchunguza. Mtoto atarudi nyumbani, na jambo litakuwa limekwisha.

Nianze kwa kuonyesha kwamba vyama na miradi ya aina hii si ndoto. Katika hori ya Mida, karibu na Watamu katika Kaunti ya Kilifi, iko njia ya mbao inayoning'inia juu ya mikoko hadi kwenye kibanda cha kutazamia ndege. Wageni hulipa kiingilio kuipita, na mapato yake huingia katika mpango uitwao ASSETS, ulioanzishwa mwaka 2001 na shirika la A Rocha Kenya, ambao husaidia kulipa karo za wanafunzi wa shule za upili wanaotoka katika jamii zinazopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke. Karibu na magofu ya Gede uko mradi wa Kipepeo, ulioanza mwaka 1993 chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, ambao umewawezesha wakulima wa kandokando ya msitu huo kufuga vipepeo na kuuza mabuu wao ng'ambo. Kisiwani Wasini, akina mama wamekuwa wakiendesha njia yao ya mbao juu ya bustani ya matumbawe ya kale. Hizi ni kazi za kujivunia. Katika kila mojawapo, mgeni analipa, msitu au bahari inahifadhiwa, na mwenyeji anapata. Huo ndio ukweli wa ile methali nyingine isemayo mgeni njoo, mwenyeji apone.

Swali langu ni hili: je, wale wanaotaka kuiga mifano hii wanaelewa namna fedha za chama kama hicho zinavyokwenda?

Kosa la kwanza ambalo nimelisikia mara nyingi ni kudhani kwamba chama kisicho cha kutafuta faida hakiruhusiwi kubaki na kitu mwisho wa mwaka. Watu huona fahari kutangaza katika mkutano mkuu kwamba fedha zote zimetumika hadi senti ya mwisho, na wanachama hupiga makofi. Dhana hii ni potofu. Maana ya kutotafuta faida ni kwamba ziada haigawanywi kwa wanachama wala viongozi. Hurudishwa katika kazi ya chama au huwekwa akiba. Chama kinachomaliza kila mwaka mikono mitupu hakijawa kitakatifu kuliko vingine, bali kimejiweka mahali ambapo upepo mdogo utakiangusha.

Jambo la pili ni la kimaumbile. Kutangaza utalii ni kama mvua. Ikinyesha, hailoweshi shamba la aliyetoa mchango wa tambiko peke yake, bali huyalowesha ya wote. Chama kikichapisha vipeperushi na kuwaleta wageni Watamu au Lamu, watafaidika wenye hoteli, wenye mashua, wenye teksi, wauza madafu na wachonga vinyago, wawe wamelipa ada ya uanachama au hawakulipa. Kwa hiyo kila mmoja hujiambia, “Wenzangu watalipa.” Wote wakisema hivyo, chama kinabaki na katibu mmoja mwenye moyo na sanduku tupu. Serikali ilitambua tatizo hili kwa upande wa taifa zima, ndiyo maana hoteli na mikahawa hutozwa asilimia 2 ya mauzo, ushuru ambao sasa unakusanywa na Hazina ya Utalii chini ya Sheria ya Utalii ya mwaka 2011. Chama cha kijiji hakina uwezo wa kumtoza mtu yeyote. Kinategemea hiari, kiingilio na wafadhili.

Ili tusizungumze hewani, nawaomba walimu na wanafunzi wachukue kalamu. Hebu tuwaze chama cha kubuni katika kijiji cha pwani, chenye njia ya mbao mikokoni. Kwa mwaka mmoja chama hiki kinapokea wageni 2,400, kila mmoja akilipa Sh300. Hizo ni Sh720,000. Kina wanachama 40 wanaolipa ada ya Sh1,000 kila mmoja. Hizo ni Sh40,000. Wenye hoteli na mashua wanachanga Sh140,000. Mfadhili anatoa ruzuku ya Sh600,000 kwa sharti kwamba itatumika kukarabati njia ya mbao na si kwa jambo jingine lolote. Jumla ni Sh1,500,000.

Kwa upande wa matumizi, ukarabati unachukua Sh600,000. Mwelekezi na mlinzi wanalipwa Sh15,000 kila mmoja kwa mwezi, nazo kwa mwaka ni Sh360,000. Matangazo yanagharimu Sh90,000. Ofisi, simu, benki na ukaguzi wa hesabu ni Sh70,000. Wanafunzi 20 wanasaidiwa karo ya Sh15,000 kila mmoja, ambazo ni Sh300,000. Jumla ya matumizi ni Sh1,420,000, na ziada ni Sh80,000. Ukiisoma taarifa hii katika mkutano mkuu, utasema chama kina afya njema.

Lakini hesabu ya mwaka mzima huficha hesabu ya miezi. Wageni wa pwani hawaji sawasawa mwaka mzima. Tuseme kati ya wale 2,400, wageni 1,800 wanakuja kuanzia Desemba hadi Machi na tena Julai na Agosti, na 450 wanakuja kati ya Septemba na Novemba. Aprili, Mei na Juni, masika yanapopiga na hoteli nyingi kupunguza wafanyakazi au kufunga milango, wanakuja 150 tu. Hao wanaleta Sh45,000. Katika miezi hiyo hiyo mitatu, mishahara inahitaji Sh90,000, na shule zinapofunguliwa kwa muhula wa pili, theluthi ya karo, yaani Sh100,000, inatakiwa. Mahitaji ni Sh190,000 na mapato ya langoni ni Sh45,000. Pengo ni Sh145,000. Muhula wa pili huanza wakati ambapo mvua imekwisha kuwafukuza wageni, na wala hauna habari kwamba mwisho wa mwaka chama kitakuwa na ziada.

Hapo ndipo mtihani huingia. Katika benki ziko Sh600,000 za mfadhili, zimetulia, zinasubiri fundi. Mwenyekiti anasema, “Tuazime kidogo, watoto wasifukuzwe shuleni, tutarudisha Agosti.” Nani atakayepinga hoja hiyo? Si wizi, na nia ni njema. Sh145,000 zinatoka. Agosti inafika, wageni wanakuja, lakini karo ya muhula wa tatu nayo imekaribia. Zinarudishwa Sh60,000. Fundi anapata mbao chache na misumari michache, na sehemu ya mwisho ya njia inabaki na mbao zilizooza. Mwezi wa Oktoba mfadhili anaomba taarifa ya matumizi na picha za kazi iliyokamilika. Mwaka unaofuata hatoi tena, na wakati huo huo waongozaji wa watalii wamekwisha kuambizana kwamba njia ile ni ya hatari. Bandu bandu huisha gogo. Chama kimekufa bila mwizi kuingia.

Dawa ya maradhi haya inajulikana, nayo haihitaji shahada ya chuo kikuu. Fedha za chama ziwe na mifuko mitatu isiyochanganywa: mfuko wa ruzuku yenye masharti, mfuko wa matumizi ya kila siku, na mfuko wa akiba. Katika mfano wetu, msimu mzuri unaleta Sh540,000 za kiingilio. Chama kikiweka kando Sh27 katika kila Sh100 za msimu huo, pengo lote la masika litakuwa limezibwa kabla wingu la kwanza halijaonekana, na ile ruzuku itabaki salama. Huu ndio utaratibu wa mkulima anayejua kwamba kiangazi kipo. Sioni kwa nini utushinde sisi tulio na kikokotoo mkononi.

Isitoshe, pwani yetu ina misimu mibaya zaidi kuliko masika. Agosti 1997, fujo za Likoni ziliwafanya wageni waikimbie Mombasa, na kabla majeraha hayajapona, bomu la Agosti 7, 1998 likalipuka Nairobi. Novemba 28, 2002 hoteli moja ilishambuliwa Kikambala. Ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 zilifuta msimu mzima. Mwaka 2014 maonyo ya serikali za kigeni yalisababisha watalii kuondolewa Mombasa kabla ya likizo zao kwisha. Mwaka 2019 Kenya ilipokea wageni wa kimataifa zaidi ya milioni 2. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipofunga viwanja vya ndege, hawakufika hata 600,000. Kwa upande wa wafadhili pia hakuna uhakika. Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na miradi mingi humu nchini ikayumba kwa siku chache tu. Mtu anayepanga bajeti ya chama cha utalii kana kwamba mwaka ujao utafanana na mwaka jana hajaisoma historia yetu.

Niliwahi kuombwa na chama kimoja cha Pwani, ambacho sitakitaja jina, nikisaidie kupanga hesabu zake kabla ya mkutano mkuu. Mweka hazina alikuwa mwalimu mstaafu, mtu mzima aliyeheshimiwa na kijiji chote. Alinikabidhi daftari la shule la kurasa 96 na mkebe uliojaa stakabadhi zilizoanza kufifia. Wanachama walikuwa wamekwisha kunong'onezana kwamba mzee amekula fedha, kwa sababu Sh38,000 hazikuonekana zilikokwenda. Tulikaa siku mbili tukipanga karatasi moja baada ya nyingine. Mwishowe ilidhihirika kwamba mzee hakula hata senti. Kinyume chake, alikuwa amewalipia wanafunzi wawili karo kutoka katika pensheni yake msimu ulipokuwa mbaya, kisha akajirudishia sehemu tu ya fedha hizo bila kuandika mahali popote. Chama ndicho kilichokuwa kinadaiwa naye.

“Mwalimu,” nilimwambia, “mbona hukuandika?”

“Mwanangu,” akanijibu, “niliona haya kuandika kwamba nimekisaidia chama. Ningeonekana najisifu.”

Msomaji atafakari jambo hilo. Kwa kawaida tunadhani daftari limewekwa ili kumnasa mwizi. Mwizi hodari huandika daftari zuri kuliko watu wote. Anayeumia daftari linapokosekana ni mwaminifu, kwa kuwa siku ya kushukiwa hana shahidi. Mzee yule alisafishwa katika mkutano mkuu, lakini miezi sita ya minong'ono haikufutika, na uchaguzi ulipofika alikataa kugombea tena. Kijiji kilipoteza mtumishi mwema kwa kukosa mstari mmoja wa wino.

Sheria zetu hazikulisahau suala hili. Sheria ya Vyama, Sura ya 108, inataka katiba ya chama ieleze fedha zitatumika kwa jambo gani, nani atakayezitunza, jinsi hesabu zitakavyokaguliwa, na jinsi mwanachama atakavyoweza kuvikagua vitabu. Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022 imeviwekea vikundi vya vijijini utaratibu wao. Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ilipitishwa mwaka 2013, ingawa ilingoja hadi Mei 2024 kuanza kutumika. Kwa hiyo upungufu wetu si wa sheria. Upungufu ni kwamba cheti cha usajili hutiwa fremu na kutundikwa ukutani, ilhali hesabu hufungiwa kabatini. Mimi ningependa kuona kinyume chake: hesabu za kila mwezi zibandikwe pale langoni, mahali mgeni anapolipa kiingilio na mwanakijiji anapopita, na cheti kikae kabatini.

Liko jambo jingine la siku hizi. Tangu huduma ya M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, fedha zimekuwa rahisi kupokea, na hilo ni jema. Lakini katika vyama vingi kiingilio hutumwa kwa simu ya mtu binafsi, aghalabu mweka hazina au mwelekezi. Fedha za chama zinalala kitanda kimoja na fedha za unga na za dawa ya mtoto. Hata malaika angekosea hesabu. Chama kijisajilie nambari yake yenyewe ya kulipia, iliyounganishwa na akaunti ya benki yenye watia saini watatu. Gharama yake ni ndogo kuliko gharama ya ugomvi mmoja.

Wako wafadhili, na hata wananchi wenzetu, wanaokasirika wakiona chama kimetumia fedha kwa ofisi na ukaguzi. Wanataka kila shilingi “imfikie mtoto.” Katika mfano wetu gharama hizo ni chini ya Sh5 katika kila Sh100. Hizo ndizo kamba zinazoufunga mzigo wote. Anayezikata ili kupunguza uzito asishangae mzigo ukimwagika njiani. Fungu ambalo kwa kweli linastahili kuchunguzwa ni lile la matangazo, hasa safari za viongozi kwenda katika maonyesho ya utalii ya London na Berlin, ambako chama kidogo humezwa na mabanda ya mataifa. Kipimo chake ni chepesi. Katika kitabu cha wageni, iongezwe safu moja ya kuuliza: “Ulitusikia wapi?” Baada ya mwaka mmoja chama kitajua kama wageni waliletwa na maonyesho, na kipeperushi, na intaneti, au na mwendesha mashua aliyewasifia kijiji. Fedha zifuate jibu hilo.

Hapa ndipo ninapowageukia walimu na wanafunzi. Katika vijiji vyetu, chama kinapoundwa, macho yote humwelekea mwalimu ili awe katibu au mweka hazina. Ni heshima, na ni mzigo. Mwalimu akiukubali, na aukubali pamoja na masharti: daftari la mapato na matumizi, hati kwa kila malipo, na mkaguzi asiye jamaa yake. Nanyi wanafunzi mnaosoma hesabu na biashara, mizania mnayochora darasani haikuundwa kwa ajili ya mtihani tu. Ombeni ruhusa ya kuzisoma hesabu za chama cha kijijini kwenu. Linganisheni idadi ya wageni katika kitabu na fedha zilizopelekwa benki. Tafuteni pengo la masika. Mtajifunza mengi kuliko katika mifano ya maduka ya kubuni, na chama kitapata macho makali yasiyolipwa mshahara. Yamkini baadhi yenu karo yenu hutoka humo humo.

Kwa wenye hoteli na waongozaji, nawakumbusha kwamba njia ya mbao iliyooza itaharibu biashara yao kabla ya kuharibu ya mtu mwingine. Mchango unaoahidiwa kila mwaka na kulipwa kila mwezi ni bora kuliko hundi kubwa ya siku moja mbele ya wapiga picha. Serikali za kaunti nazo, ambazo Katiba ya mwaka 2010 imezikabidhi utalii wa mashinani, zingefanya jambo la maana kama zingegharamia mkaguzi mmoja wa hesabu wa kuzunguka katika vyama vidogo mara moja kwa mwaka. Hilo lingefaa kuliko semina nyingine ya hotelini.

Wakati wa kufanya haya ni sasa. Mwaka 2024 mji wa kale wa Gede uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, kama vile Lamu mwaka 2001, misitu ya Kaya za Wamijikenda mwaka 2008 na Ngome ya Yesu mwaka 2011. Wageni wataongezeka, na vyama vitaundwa vingi kandokando ya magofu hayo, kila kimoja na mihuri yake na wenyeviti wake. Kabla ya kuchonga muhuri, wanachama na wanunue daftari, wachague watia saini watatu, na waandike katika katiba yao ni sehemu gani ya mapato ya Desemba itakayowekwa kwa ajili ya Mei. Ni matumaini yangu kwamba katika kila kikao cha namna hiyo patakuwapo mwalimu mmoja wa kuliuliza swali hilo, na mwanafunzi mmoja wa kulinukuu jibu lake.